Mkia wa Noti: Namna ya Kusikiliza Piano Iliyochakatwa

"Shem, huu wimbo unaanza lini?"

Shemeji yangu aliuliza hivyo tukiwa tumeshamaliza dakika 6 za kipande cha dakika 17 hivi. Alikuwa amevumilia kwa adabu, akisubiri ngoma iingie, mwimbaji afungue kinywa, au walau hiyo piano yenyewe ishike wimbo unaoshikika. Nikamwambia umeshaanza kitambo. Akaniangalia kama mtu aliyetegewa kitendawili kibovu, akainuka akaenda zake. Swali lake likabaki nami, maana bila kukusudia alikuwa amegusa kiini cha jambo: muziki wa aina hii hutengenezwa, kwa sehemu kubwa, kwa kuondoa mianzo.

Muziki wenyewe huitwa ambienti. Ni muziki wa kutanda, usiokupeleka popote bali unaojaza mahali ulipo. Ndani ya ukoo huo kuna tawi linaloitumia piano kama malighafi. Piano hupigwa na kurekodiwa, kisha rekodi hiyo hupitishwa kwenye mashine au programu: hupunguzwa kasi, hukatwa, hurudishwa kinyumenyume, huzamishwa kwenye mwangwi, mpaka msikilizaji asiwe tena na hakika kama anachosikia ni piano, filimbi au upepo dirishani. Watu huuchanganya na piano laini ya kulalia, au wakausukumia kwenye kapu la "muziki wa kompyuta". Kapu zote mbili zinauonea. Ili kuona kwa nini, inabidi tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu karibu kila hila ya studio nitakayoitaja hapa ni jibu kwa udhaifu mmoja wa piano.

Udhaifu huo ni kwamba piano haiwezi kushikilia sauti. Mpiga filimbi ana pumzi, mpiga fidla ana upinde, mwimbaji ana kifua. Mpiga piano akishabonyeza, kazi yake imekwisha. Nyundo iliyovikwa felti, yaani sufu iliyoshindiliwa, hurushwa, hugonga nyuzi na kurudi yenyewe. Kuanzia hapo kidole hakina amri nyingine juu ya noti ile isipokuwa kuikata. Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliyeunda piano za kwanza kwenye miaka ya 1700 ikianza, alitatua tatizo la nguvu. Hapsikodi iliyotangulia ilidonoa nyuzi kwa ukali uleule hata mpigaji abonyeze vipi, ila chombo chake kipya kiliweza kunong'ona na kupaza. Tatizo la muda hakulitatua, wala hakuna aliyelitatua baada yake. Noti ya piano huzaliwa na nguvu zake zote na kuanza kufa papo hapo.

Ukibahatika kuwa karibu na piano ya kweli, jaribu hili. Kanyaga pedali ya kulia, bonyeza noti ya chini kabisa, ile ya hezi 27.5 (mitikisiko 27.5 kwa sekunde), kisha usifanye kitu. Kwanza kuna kishindo kikavu, kama mtu aliyegonga mlango mara moja. Hicho hupita kabla hujakitambua. Unafuata mngurumo mnene wenye ung'avu wa chuma juu yake. Ung'avu ndio hutangulia kufifia. Sauti inazidi kuwa nyeusi, inaanza kupwita polepole kana kwamba inapumua, na baada ya sekunde 20 au 30 kinachobaki ni mvumo ambao huna uhakika kama unausikia au unaukumbuka. Sasa bonyeza noti ya juu kabisa, ya hezi 4,186. Tik. Imekwisha. Noti za huko juu hufa upesi mno kiasi kwamba waundaji hawajisumbui hata kuziwekea vizimio. Oktavu (ngazi kamili kutoka do hadi do) moja na nusu hivi ya mwisho haina kitu cha kuinyamazisha, maana haihitaji.

Kule kupwita kuna sababu yake, na husikika wazi zaidi ukipanda juu ya zile noti za chini kabisa zenye uzi mmoja mmoja. Noti nyingi za piano hazina uzi mmoja bali tatu, ndiyo maana chombo chenye vibonye 88 huwa na nyuzi kama 230. Mwaka 1977 mwanafizikia Gabriel Weinreich alieleza kinachotokea kati ya nyuzi hizo tatu. Nyundo inapozigonga, zote hutikisika pamoja na kulisukuma daraja lao, yaani kipande cha mbao zinachokipitia, upande mmoja, na nguvu humiminika haraka kwenye ubao wa sauti, ule ubao mpana unaotikisa hewa: hapo ndipo noti inapovuma. Lakini nyuzi tatu hazilingani sawasawa kamwe. Zikishaanza kupishana, moja hulivuta daraja huku nyingine ikilisukuma, nguvu zinakosa njia ya kutokea, na kilichobaki huvuja kidogokidogo. Kwa hiyo noti moja ina vifo viwili, cha haraka chenye kelele na cha polepole chenye ukimya. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na kwa piano hiyo ni fizikia tupu. Uzi husikika kwa sababu unapoteza nguvu zake. Kadiri unavyozimwaga upesi ndivyo unavyovuma, na ndivyo unavyokwisha.

Muziki ninaouzungumzia umehamia kwenye kile kifo cha pili na kujenga nyumba humo.

Kukata kichwa

Sikio hutambua ala kwa mpigo wake wa mwanzo kuliko tunavyodhani. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, aliligundua hilo mjini Paris mwaka 1948 akichezea rekodi za kengele. Alipoondoa ule mgongano wa kwanza na kuacha mlio unaofuata, kengele ikaacha kuwa kengele. Mwaka huohuo alitumia piano, iliyopigwa na kijana Pierre Boulez, kama malighafi ya baadhi ya majaribio yake ya mwanzo. Ukiifanyia noti ya piano upasuaji huo, yaani ukakata sehemu ya kumi ya sekunde ya kwanza na kuiingiza iliyobaki taratibu, unapata kitu kati ya filimbi na kinanda cha mabomba. Nyuzi ni zilezile, mbao zilezile, chumba kilekile. Kilichoondoka ni nyundo tu, na bila nyundo sikio halina pa kushikia.

Sasa fikiria kipande kizima kilichojengwa kwa noti zisizo na vichwa. Mdundo hauwezi kuwepo, kwa sababu mdundo ni mfululizo wa mianzo. Wimbo unayeyuka, kwa sababu huwezi kusema noti hii ilianzia hapa na ile pale. Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu anauliza kipande kinaanza lini.

Njia ya pili, na ya kale zaidi mikononi mwa watu wa studio, ni kasi. Rekodi iliyonaswa kwenye utepe wa sumaku ikichezwa kwa nusu ya kasi yake hushuka oktavu moja na kurefuka mara mbili. Hilo linaeleweka. Lisiloonekana kwa haraka ni kwamba kila kitu kilichomo hurefuka pamoja nalo: mwangwi wa chumba kile unakuwa mwangwi wa chumba kikubwa kuliko chochote ulichowahi kuingia, mkwaruzo wa pedali unakuwa mkoromo, na vinundu vidogovidogo vya mpigo wa nyundo vinakuwa na umbo. Ni kama kuangalia kitambaa kwa kioo cha kukuzia. Mashine za utepe zilizochoka huongeza kitu kingine pia. Injini haizunguki kwa kasi moja, hivyo sauti inayumba juu na chini kwa kiasi kidogo sana. Piano, tofauti na fidla au koo la mtu, haiwezi kuyumbisha noti hata mpigaji afanye nini. Ndiyo maana piano inayoyumba hutugusa kwa namna isiyo ya kawaida: tunasikia chombo kigumu kikitetemeka kama kiumbe.

Kompyuta ilikuja na njia ya kutenganisha urefu wa sauti kwa muda na kimo chake, yaani ujuu au uchini wa noti. Msingi wake uliwekwa mapema, mwaka 1947, mwanafizikia Dennis Gabor alipopendekeza kuwa sauti yoyote inaweza kuchukuliwa kama mkusanyiko wa chembe fupi. Programu za leo hukata rekodi kuwa chembe za milisekunde chache, kwa kawaida chini ya 100, kisha huzimwaga upya: nyingine zikirudiwa, nyingine zikipishana, nyingine zikipandishwa kimo. Sekunde 10 za piano zinaweza kutandazwa zikawa dakika 3 bila kushuka hata nusu toni. Zikitandazwa kwa uangalifu hupati kijipande cha muziki kilichovutwa kama mpira, unapata kitu kinachong'aa na kuchemka ndani kwa ndani huku kwa nje kimetulia. Zikitandazwa ovyo hupati kitu zaidi ya vumbi la kidijitali, na vumbi hilo, niseme ukweli, limejaa tele.

Hila ninayoipenda kuliko zote ni rahisi kuieleza na ngumu kuiamini. Chukua kipande cha piano, kirudishe kinyumenyume. Kikiwa hivyo kinyumenyume, kiongezee mwangwi mrefu na uurekodi. Halafu geuza vyote kwa pamoja virudi mbele. Piano sasa inakwenda sawa, ila mwangwi wake umegeuka na unakuja kabla ya noti. Sauti inavimba kutoka pasipo kitu, inapanda, inapanda, halafu nyundo inagonga katikati yake kana kwamba imechelewa kwenye karamu yake yenyewe. Mpangilio wa hatua ndio kila kitu hapa. Ukiweka mwangwi kwanza kisha ukageuza mara moja tu, unapata jambo lingine kabisa. Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia kwamba muziki huu "unajitengeneza". Mashine hazijui kipi kitangulie.

Tumefika kwenye mwangwi wenyewe, ambao wengi hudhani ndio siri yote. Wahandisi hupima mwangwi kwa muda ambao sauti huchukua kushuka desibeli 60, yaani kubaki sehemu moja ya milioni ya nguvu zake. Kumbi nzuri za muziki huwa na sekunde 2 hivi. Programu inaweza kukupa 20, 30 au mwangwi usiokoma. (Vyumba vya kweli navyo haviko nyuma sana: ndani ya matangi ya zamani ya mafuta huko Inchindown, Uskoti, Profesa Trevor Cox alipima sekunde 112 kwenye masafa ya hezi 125.) Lakini mwangwi mrefu kwa piano ni dawa kali. Kila noti inaendelea kuishi wakati inayofuata inapigwa, na hiyo inayofuata, mpaka zote zinasimama pamoja chumbani kama wageni waliokataa kuondoka. Mpigaji analazimika kuchagua noti zinazoweza kukaa pamoja, na kupiga chache. Uchache wa noti kwenye muziki huu mara nyingi hautokani na utulivu wa roho ya mtunzi. Ni hesabu ya nafasi.

Piano, kwa bahati, imekuwa na mwangwi wake wa ndani tangu zamani. Pedali ya kulia ikikanyagwa, vizimio vyote huinuka, na kila uzi ulio huru hujibu uzi uliopigwa kama una undugu nao. Hata bila pedali utausikia: bonyeza do ya katikati polepole mno hadi isilie, ishikilie, kisha gonga kwa nguvu do ya oktavu iliyo chini yake na uiachie mara moja. Iliyogongwa inakatika. Ile usiyoigonga inabaki ikiimba.

Kutoka samani hadi kitandani

Wazo la muziki usiodai kusikilizwa lina historia yenye vichekesho. Mtunzi Mfaransa Erik Satie alilitangaza mjini Paris akiliita muziki wa samani, muziki wa kuwa chumbani kama kiti kilivyo chumbani. Mwaka 1920, yeye na mtunzi mwenzake Darius Milhaud waliupiga wakati wa mapumziko ya onyesho la maigizo. Watazamaji waliposikia wanamuziki wameanza, walirudi vitini na kunyamaza. Satie akawa anazunguka akiwahimiza waongee, watembee, wasisikilize. Hawakumtii. Watu walikuwa bado na adabu ya kusikiliza.

Mwaka 1975 Brian Eno, mwanamuziki Mwingereza, alikuwa kitandani akiuguza majeraha ya ajali. Rafiki alimletea santuri ya muziki wa kinubi. Akaiweka kwa taabu, akarudi kulala, ndipo akagundua kwamba sauti iko chini mno na spika moja haifanyi kazi. Hakuwa na nguvu za kuinuka tena. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Kinubi kikachanganyika na mvua, noti zenye nguvu tu zikijitokeza juu ya maji, na kwake hiyo ikawa namna mpya ya kusikia: muziki kama sehemu ya hali ya mahali, sawa na mwanga au mvua yenyewe. Miaka michache baadaye alitoa albamu iliyoupa muziki huu jina lake, Ambient 1: Music for Airports.

Kipande cha kwanza cha albamu hiyo ndicho kilichomchosha shemeji. Nilipojua kilivyotengenezwa nilikipenda zaidi. Eno alikuwa na rekodi za kikao ambacho wapigaji hawakuwa wakisikiana. Alipokuwa akizipitia akakuta kijisehemu kifupi ambacho mistari miwili, kila mmoja ukiwa peke yake, ilikuwa imeshikana kama vidole. Akakikata, akakifunga kuwa kitanzi cha utepe, na akaona kinapendeza zaidi kwa nusu ya kasi. Aliyepiga piano alikuwa mwanamuziki Robert Wyatt. Yaani kile unachokisikia kama tafakuri tulivu ya mtu mmoja ni ajali ya watu wasiojua wenzao wanapiga nini, iliyopunguzwa mwendo.

Kipande kinachofuata hakina piano, kina sauti za watu, ila mbinu yake imeingia kwenye kila kona ya tawi hili hivyo lazima niieleze. Kila noti imewekwa kwenye kitanzi chake, na vitanzi havilingani urefu. Tuseme una noti tatu za piano, moja inarudi kila baada ya sekunde 17, ya pili kila sekunde 19, ya tatu kila sekunde 23. Zianzishe pamoja. Zitapishana, zitakaribiana, zitagusana, zitaachana, na hazitaanza tena kwa pamoja hadi zipite sekunde 7,429, yaani saa 2, dakika 3 na sekunde 49. Noti tatu tu. Hakuna aliyetunga mistari utakayoisikia humo ndani ya saa hizo mbili. Mtunzi alichagua noti na urefu, kisha akakaa pembeni kama wewe.

Mtu aliyeipa piano nafasi ya mbele kabisa alikuwa Harold Budd, Mmarekani aliyekulia kwenye jangwa la Mojave na kufariki mwaka 2020. Mwaka 1980 yeye na Eno walitoa albamu pamoja, na namna walivyofanya kazi inasahihisha dhana moja kubwa. Wengi wetu tunadhani piano hupigwa kwanza, kisha huchakatwa. Wao walikwenda kinyume: Eno aliandaa mwangwi na vichujio kwanza, Budd akaketi na kupiga akiwa anasikia sauti iliyokwisha kubadilishwa. Vidole vyake vikawa vinajibu chumba kisichokuwepo. Noti ikirefuka anasubiri. Ikiyumba anaiachia iyumbe. Ukisikiliza ukiwa na hilo kichwani, unasikia mtu anayesikiliza.

Waliofuata walipitia mlango uleule wakaenda kwingine. Nils Frahm, mpiga piano wa Berlin, alitandaza felti juu ya nyuzi ili asiwaudhi majirani usiku, ikambidi asogeze maikrofoni hadi karibu kugusa nyuzi, na kwa hiyo zikanasa kila kitu: pumzi zake, mbao zinazolalamika, mitambo ya ndani ya piano ikinyanyuka na kushuka. Albamu ya mwaka 2011 ikaitwa Felt. Mtunzi Mjapani Ryuichi Sakamoto alipiga piano iliyozama kwenye tsunami ya Japani ya 2011, ya shule moja mkoani Miyagi. Nyuzi zilikuwa zimetoka kabisa kwenye kimo chake. Mwanzoni aliiona kama maiti ya piano, baadaye akaiona kama piano ambayo maumbile yalikuwa yanairudisha yalikoitoa, maana mbao na chuma hupindwa kwa nguvu kubwa ili viwe piano. Jumla ya mvutano wa nyuzi kwenye piano kubwa hufikia tani 20 hivi. Aliitumia kwenye albamu yake ya mwaka 2017. Hapo uchakataji ulifanywa na bahari.

Na kuna Liz Harris, mwanamuziki Mmarekani anayerekodi kwa jina la Grouper. Akiwa Ureno mwaka 2011 alirekodi nyimbo za piano kwa kifaa kidogo cha kubebeka. Kwenye mojawapo, mwishoni, unasikia mlio mfupi: bip. Ni oveni ya maikrowevu, umeme ulikuwa umekatika na sasa umerudi. Hakuufuta. Mara ya kwanza niliusikia nikavua hedifoni nikidhani ni simu yangu.

Masikio na vifaa

Sasa upande wa msikilizaji. Kosa la kwanza, na ni la kawaida mno, ni kuusikiliza muziki huu kwenye spika ya simu. Spika hizo hazitoi kitu cha maana chini ya hezi 200 au 300, ilhali karibu nusu yote ya chini ya piano ina misingi ya noti zake huko. Ubongo hukuokoa kiasi: ukisikia hamoniki za noti, yaani milio ya juu inayoandamana na msingi wake, unaujaza msingi huo uliokosekana, na ndiyo sababu bado unaitambua noti ya besi kwenye simu. Lakini unaitambua tu, huipati. Kwa muziki wenye wimbo na mdundo hasara hiyo huvumilika. Kwa muziki ambao wote ni umbile la sauti, ni sawa na kuhadithiwa rangi.

Kosa la pili linatokana na sifa ya muziki wenyewe. Kwa vile umetulia, watu huupunguza hadi uwe chini sana. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halipunguzi masafa yote sawasawa: sauti ikishuka, besi hutupotea mapema kuliko sauti za kati. Ukishusha mno hukipati kipande kilekile kwa mbali. Unakipata kikiwa kimekatwa miguu. Mimi huanza kwa kiwango ambacho noti kubwa kabisa inanifikia kama mtu anayeongea kawaida chumbani, kisha sigusi tena.

Tofauti na hapo, faili zilizobanwa kupita kiasi huumiza mikia. Programu za kubana sauti hutupa kile zinachokadiria kwamba sikio halitagundua kimeondoka, na mwangwi unaofifia ni mojawapo ya vitu vigumu kuvikadiria. Badala ya kuzama taratibu unaanza kuzungukazunguka kama maji ya bafu. Ukisikia hivyo, usimlaumu mtunzi.

Halafu masikio yenyewe. Msikilizaji aliyezoea nyimbo hutega sikio kwenye mwanzo wa noti na kuruka kwenda mwanzo unaofuata, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Hapa mawe ni machache na mto ndio ulioletwa. Nilichojifunza, na ilinichukua muda, ni kuchagua noti moja na kuifuata hadi ipotee. Inapigwa. Iache nyundo ipite. Ung'avu umeondoka? Sasa sikiliza kama inayumba, na kama kuyumba kwenyewe kunakwenda kwa kasi moja. Je, mwangwi umeshaipita nguvu noti yenyewe? Kuna hatua ambapo huwezi kusema unasikia uzi au chumba, na ukishaijua hatua hiyo utaikuta kwenye kila noti, mahali tofauti kila mara. Noti ikishapotea, rudi ukachukue nyingine. Ukifanya hivyo mara kumi, dakika 17 ni chache.

Na kama hutaki kufanya hivyo? Ni sawa pia. Eno mwenyewe aliandika mwaka 1978 kwamba muziki huu uweze kupuuzwa sawasawa na unavyoweza kuvutia. Watu hushika nusu moja ya sentensi hiyo. Wanaoutetea hushika kuvutia, wakakunja uso na kuzima taa. Orodha za kulalia na kusomea zilizojaa kwenye huduma za mtandaoni hushika kupuuzwa, na hapo ndipo nina ugomvi kidogo. Kwenye Spotify usikilizaji huhesabiwa baada ya sekunde 30, hivyo vipande vya dakika 2 vina faida kuliko vya dakika 20. Matokeo yake ni rundo la piano laini zilizotiwa mwangwi kidogo, zinazoisha kabla hazijatanda. Hizo zinapuuzika kweli, ila ukizigeukia hukuti kitu. Kipimo changu ni hicho tu: nikiwa katikati ya shughuli nyingine, nikainua kichwa ghafla na kusikiliza kwa sekunde 10, je, kuna kinachoendelea mle? Kwenye kazi nzuri kipo daima, na kilikuwepo muda wote ulipokuwa huangalii.

Rekodi nyingi za tawi hili zina kitu kingine chini kabisa, chini ya noti na chini ya mwangwi: "shhh" ya utepe, au mvumo wa chumba ambacho maikrofoni zilifunguliwa sana. Masikio hukizoea ndani ya dakika ya kwanza na kukifuta. Noti ya mwisho inapigwa, inapoteza ung'avu, inayumba, inazama. Unakaa ukijiuliza kama bado ipo. Halafu faili inafika mwisho wake, "shhh" inakatika kwa wembe, na chumba chako kinakuwa kimya kwa namna ambayo hakikuwa kimya sekunde moja iliyopita.